Sura ya Tano: Mkono Ulioshika Beseni

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na kazi hiyo ameifanya tangu kabla sijaanza darasa la kwanza. Siku yake huanza gizani. Mwanza iko mbali upande wa magharibi ukilinganisha na saa tunayoifuata nchi nzima, kwa hiyo saa kumi na mbili alfajiri, pwani kukiwa kumeanza kupambazuka, ziwani kwetu weusi bado haujaondoka. Wakati huo yeye yuko gatini akipokea mzigo kutoka kwenye maboti ya visiwani. Beseni kichwani, mkono wa kushoto umeshika ukingo wake, miguu inatafuta njia katikati ya mawe, magunia na watu. Kutoka gatini hadi kibandani, kisha kurudi, kisha tena.

Jumamosi moja nilimwomba avue bangili, nikamfunga saa yangu mpya ya mazoezi kwenye mkono huo wa kushoto. Nilitaka kumfurahisha. Nilikuwa nimesoma kwamba watu wanahimizwa kutembea hatua elfu kumi kwa siku, na sikuwa na shaka kwamba shangazi atazivuka kabla ya adhuhuri. Jioni nikaenda kuichukua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Haya, kidude chako kinasemaje?"

Kilisema hatua 3,460. Nilimsomea kwa aibu, kana kwamba ni mimi niliyezihesabu. Akaitazama saa, akanitazama mimi. "Basi hiyo haikunifuata, baba. Nadhani ilibaki kibandani."

Ndani ya saa hizi kuna kihisi cha mwendo, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachopokea kila mtikisiko wa mkono. Programu ya saa imefundishwa kuutambua mbembeo wa mtu anayetembea: mkono mbele, mkono nyuma. Miguu haiioni kabisa. Mkono ulioshika beseni haubembei, na usipobembea, hatua nyingi hupita bila kuandikwa. Kijana anayesukuma mkokoteni hupunjwa vilevile. Mvuvi aliyeketi mtumbwini akivuta wavu anaweza naye kuandikiwa hatua ambazo hakuzitembea. Wiki iliyofuata nilimfunga shangazi saa ileile kifundoni mwa mguu, kazi ikiwa ileile. Ikaandika 13,900.

Nimeanza na kisa hiki, na siyo na bei wala majina ya kampuni, kwa sababu kila wiki mtu huniuliza: "Ninunue saa gani?" Wanaouliza ni wanachama wenzangu wa kikundi cha jogingi, walimu, maofisa wa benki walioambiwa na daktari wapunguze uzito, na vijana wanaojiandaa kwa Rock City Marathon. Mimi huwarudishia swali: siku yako inapita wapi mwilini mwako? Mikono yako inafanya nini tangu unapoamka? Na namba utakayoonyeshwa, utaifanyia nini? Mwenye majibu ya maswali hayo huchagua saa kwa nusu saa. Asiye nayo anaweza kutoa zaidi ya milioni moja akapata kitu kinachomtazama kama mgeni.

Hata hiyo elfu kumi ina asili yake, na asili yenyewe ni ya kibiashara. Mwaka 1965, mara tu baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kipima hatua cha kuvaa kiunoni, ikakiita Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa namba kamili, rahisi kuikumbuka, ikaenea duniani. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake wapatao 16,700 wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Kwa hiyo kama saa yako inakukaripia kwa kuishia elfu nane, ondoa wasiwasi. Na kama kazi yako ni ya beseni au mkokoteni, zima kabisa kipengele cha hatua ukatazame kitu kingine.

Kitu hicho ni moyo, na hapo saa inastahili kusifiwa.

Geuza saa utazame mgongo wake. Utaona vitaa vya kijani vinavyometameta. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo chini ya ngozi na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Kati ya pigo na pigo, mwanga huongezeka tena. Saa inahesabu kupungua na kuongezeka huko, basi. Jambo hili dogo likifanyika usiku kucha, siku baada ya siku, hukupa namba ambayo naithamini kuliko zote: mapigo ya moyo wakati wa kupumzika.

Kwa mtu mzima asiye mgonjwa, moyo uliotulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na wanariadha wazuri hushuka hadi arobaini na kitu. Ukianza kukimbia mara tatu kwa wiki, baada ya wiki kadhaa utaiona namba yako ikishuka taratibu, kwa sababu moyo ulioimarika husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Ukilala vibaya, itapanda. Ukiwa na homa, itapanda. Kwetu Kanda ya Ziwa, ambako malaria haijatuacha, nimejifunza kutopuuza asubuhi ambayo namba yangu imeruka mapigo kumi bila sababu. Saa haiwezi kuniambia kwamba ni malaria. Inaniambia tu kwamba mwili una shughuli, nami naahirisha kukimbia na nikisikia joto naenda kupima damu.

Na namba hiyo unaweza kuipata bure. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, saa yoyote yenye mshale wa sekunde, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Fanya hivyo kabla hujatoka kitandani, uandike. Namwambia hivi kila mwenye kipato kidogo anayeona kwamba bila saa janja hana njia ya kuanza. Mwanariadha Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, upande wa Musoma, ufukweni mwa ziwa hilihili. Mwaka 1980 kwenye Olimpiki ya Moscow alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa pengo lisilofika sekunde moja, na baadaye akashinda Berlin Marathon mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Kipimo cha kwanza cha mapigo ya moyo kisichotumia waya kilianza kuuzwa na kampuni ya Polar ya Finland mwaka 1982, miaka miwili baada ya medali ile.

Watu huniuliza pia kama mwanga huo unafanya kazi kwenye ngozi yetu. Swali ni la haki, maana melanini nayo hufyonza mwanga wa kijani, na vifaa vingi vimebuniwa na kujaribiwa mbali na hapa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwafunga saa za aina mbalimbali watu 53 wenye ngozi za rangi zote, kuanzia nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa. Kwa mapigo ya moyo hawakukuta tofauti ya maana iliyoletwa na rangi ya ngozi. Walichokikuta ni kwamba mtu anapojongea, kosa la saa huongezeka kwa wastani wa asilimia 30 kuliko akiwa ametulia. Adui mkubwa, basi, ni mtikisiko. Ndiyo maana saa iliyolegea mkononi hudanganya mtu anapopanda kilima cha Bugando kwa kasi: inachanganya pigo la moyo na pigo la nyayo. Unapokimbia, ipandishe juu kidogo ya mfupa wa kifundo na uikaze hadi isiteleze. Ukimaliza, ilegeze ngozi ipumue. Anayefanya mazoezi makali ya kupanda na kushuka, anayehitaji kujua sekunde kwa sekunde moyo unakwendaje, anunue mkanda wa kifuani. Huo haupimi mwanga. Unapokea umeme wa moyo wenyewe, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya saa nzuri.

Kwa oksijeni ya damu jibu langu ni jingine. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba vipimo vya kidoleni vya hospitalini vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Hivyo ni vipimo vya hospitali, vinavyobana kidole. Saa inayopima juu ya mkono siwezi kuitegemea kwa jambo hilo, na sikushauri uongeze hata shilingi moja kwa ajili yake. Mtoto au mzee anayehema kwa shida apelekwe kituo cha afya, hata kama saa inaonyesha asilimia 98.

Sasa tuingie mjini. Ukizunguka mitaa ya Makoroboi utaona saa zimepangwa kwenye vioo na juu ya meza, na maboksi yake yameandikwa kila aina ya ahadi: mapigo, oksijeni, presha, sukari, hata joto la mwili. Bei yake ni ndogo, vioo vyake vinang'aa. Hapa nitasema bila kupunguza neno, kwa sababu nimeona madhara yake karibu na kwangu. Hakuna saa inayoweza kupima sukari ya damu kwa kumulika ngozi. Tarehe 21 Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo la wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini kwa kufuata namba ya saa ya namna hiyo anaweza kuzidisha dozi akapoteza fahamu, na anaweza kufa. Tone la damu la kidoleni ndilo kipimo.

Presha inahitaji maelezo marefu kidogo. Kuna saa za kampuni kubwa zinazokadiria presha kutokana na umbo la wimbi la mapigo, lakini hata hizo zinataka urekebishe makadirio kwa mashine ya kawaida ya mkanda kila baada ya wiki nne. Yaani ili saa ikupe presha, lazima uwe na mashine ya presha. Zile za bei ya chee hazina hata hilo. Mimi niliwahi kununua moja mezani, nikiwa na haraka ya zawadi. Nyumbani nikaifunga kwenye ndizi mbivu. Ikafikiri kidogo, ikanipa presha ya ndizi: 118 kwa 76. Jaribio hilo ni rahisi, na muuzaji mwungwana hatakataa ulifanye mbele yake. Lakini litafsiri kwa haki. Saa nzuri pia inaweza kukisia mapigo juu ya ndizi, kwa kuwa mwanga unarudi na kihisi kinatafuta mdundo popote. Saa inayotoa presha kamili ya tunda ndiyo unayopaswa kuirudisha.

Ahadi nyingine inayowapendeza wengi ni ya kalori. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walipima vifaa saba vya mkononi. Vingi vilikuwa sahihi kwa mapigo ya moyo, lakini kwa nishati iliyochomwa kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93. Ukinywa soda mbili kwa sababu saa imesema umechoma mia sita, huenda umechoma mia tatu.

Na hapa Tanzania tumewapa wanasayansi somo kubwa kuhusu jambo hilo. Wahadzabe wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kusini mwa Serengeti, wakiwinda, wakichimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati yao kwa maji maalumu yanayofuatiliwa kwenye mkojo, kipimo kinachoaminika kuliko vyote. Walitegemea kukuta watu wanaochoma nishati nyingi mno. Wakakuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya nishati kwa siku hayakutofautiana na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Huenda mwili wao hupanga bajeti: kinachotumika kutembea hupunguzwa kwingine. Miaka mitano baadaye, 2017, watafiti hao wakachapisha kazi nyingine, safari hii ya vipimo vya mapigo ya moyo. Wahadzabe walikuwa wakifanya kazi ya kutoa jasho, ya wastani hadi nzito, kwa dakika kama 135 kila siku, na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo kwao zilikuwa chache sana hata kwa wazee.

Nikiziweka tafiti hizo mbili pamoja, naona zinamwambia mnunuzi aache kutafuta saa ya kumhesabia kalori na atafute ya kumhesabia dakika ambazo moyo wake ulichapa kazi. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mhadzabe anaweza kuzifikisha 150 kabla siku ya pili haijaisha. Shangazi yangu naye, nilipotazama kurasa za mapigo badala ya hatua, alikuwa na zaidi ya saa moja kwa siku moja. Saa haikuona miguu yake, lakini moyo wake ilikuwa imeuona. Nilikuwa nimesoma ukurasa usiofaa.

Unajuaje kazi ya wastani ni ipi? Saa nyingi hutumia hesabu ya zamani: 220 toa umri, hapo unapata kilele cha mapigo yako, kisha inagawa kilele hicho kwa matabaka. Hesabu nyingine, iliyotolewa na Tanaka na wenzake mwaka 2001, inasema 208 toa umri uliozidishwa kwa 0.7. Ukiwa na miaka 40 zote mbili zinakupa 180. Ukiwa na 60, ya kwanza inatoa 160 na ya pili 166, na wengi wa umri huo huona ya pili inawafaa zaidi. Lakini watu hutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi huku au kule, kwa hiyo ichukulie namba hiyo kama kadirio. Kikundi chetu kina kipimo kingine: ukiweza kusimulia habari za mechi ya jana lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri.

Kwa mkimbiaji, sehemu inayofuata kwa umuhimu ni ramani. Setelaiti za GPS ziko juu yetu kilomita zipatazo 20,200, na saa hupima muda ambao mawimbi yake yanatumia kufika mkononi. Mji wetu una sifa inayoutesa mfumo huo: mawe. Wimbi likigonga mwamba wa matale kabla ya kukufikia, linakuwa limesafiri njia ndefu zaidi, na saa inadhani uko pengine. Nilipokuwa nikizunguka Capri Point kwa njia ya chini, ambako upande mmoja ni mawe makubwa na miti na upande wa pili ni maji, saa yangu ya kwanza ilikuwa ikinichora nikikimbia juu ya ziwa. Saa zinazosoma mifumo kadhaa pamoja, GPS ya Marekani, Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, hupunguza makosa hayo. Zinazopokea masafa mawili kutoka setelaiti moja huyapunguza zaidi ya hapo, kwa sababu zinaweza kutambua wimbi lililogonga mwamba, ila bei yake hupanda na chaji huisha upesi. Kwa anayekimbia barabara ya Makongoro kuelekea uwanja wa ndege, mahali palipo wazi, saa ya kawaida inatosha. Itoe nje dakika mbili kabla ya kuanza, isubiri ipate setelaiti, ndipo uondoke.

Nimeshuhudia mabishano mengi kwenye mistari ya kumalizia, mkimbiaji akionyesha saa: "Mmetuzidishia! Hii imeandika 42.6!" Njia ya marathoni iliyopimwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, ikifuata mstari mfupi kuliko yote unaowezekana, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Wewe hukukimbia mstari huo. Ulipanua kwenye kona, ulikwenda upande wa maji ya kunywa, ulimkwepa aliyechoka mbele yako. Asilimia moja ya kilomita 42.195 ni mita 422, na saa ikikosea kiasi hicho tu inakuwa imefanya kazi nzuri sana. Pale ambapo kosa haliruhusiwi kabisa hutumiwa kamera. Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, baada ya kukimbia marathoni nzima. Picha ya mstarini ndiyo iliyoonyesha kwamba Simbu alitangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Nililia siku hiyo, nakiri.

Kuhusu maji, wengi husoma "mita 50" mgongoni mwa saa wakadhani wanaweza kuzama nayo mita hamsini. Hiyo ni shinikizo lililojaribiwa maabara, saa ikiwa imetulia. Kwa kuogelea juujuu inatosha. Lakini ufukweni kwetu tatizo la kwanza ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi na hupenya ngozi, na dakika chache zinaweza kutosha. Anayetaka kuogelea kama zoezi atafute bwawa. Aliyekwishaingia ziwani mara nyingi aende akapime, dawa ipo na inatibu. Nasisitiza kwa sababu nimeona vijana wakiitafuta saa yenye kipengele cha kuogelea maji ya wazi, na hakuna aliyewatajia konokono.

Chaji ifikirie kwa uzito. Kioo chenye rangi kali hupendeza dukani, lakini nyingi za namna hiyo hudai umeme kila siku au mbili, na usiku ambao saa iko kwenye chaji ndio usiku ambao hukupata mapigo yako ya kupumzika. Mimi nilichagua kioo kisichong'aa, kinachosomeka vizuri zaidi jua la saa saba linapokuwa kali, na naichaji kila baada ya siku tisa au kumi. Kwa wavuvi wa dagaa, wanaotoka jioni na kurudi alfajiri, kuna jambo jingine la kuuliza: je, saa hiyo inaweza kupangiwa usingizi wa mchana? Baadhi huhesabu usingizi wa usiku tu, na huukata usiku wa mvuvi vipande viwili saa sita ya usiku tarehe inapobadilika, kisha humwambia mtu aliyelala vizuri kuanzia saa tatu asubuhi kwamba hakulala.

Kabla hujalipa, iunganishe na simu yako mwenyewe palepale dukani. Programu nyingi mpya hazikubali simu za zamani, na zinakula bando. Ukinunua iliyotumika, muuzaji aifute na kuiondoa kwenye akaunti yake ukiwa unaona. Saa iliyofungwa na akaunti ya mtu aliyeko nchi nyingine ni jiwe la kuvaa, na hakuna fundi wa kuifungua kwa njia halali.

Baada ya ile Jumamosi ya hatua 3,460, nilikuwa nimeamua kumnunulia shangazi saa nzuri kuliko yangu. Nilikuwa nimeshaweka akiba. Nikamuuliza swali ninalowauliza wengine: anataka kujua nini? Hakusita. Mama yake, bibi yangu, aliondoka kwa kiharusi. Yeye mwenyewe kliniki walishamwambia presha inapanda na kushuka, na huenda huko mara moja kwa miezi miwili kwa sababu siku ya kliniki ni siku ya mauzo iliyopotea. "Nataka kujua presha yangu, baba. Hizo hatua najua nimetembea, magoti yananiambia."

Sikununua saa. Nilinunua mashine ya presha yenye mkanda wa mkono wa juu, nikampeleka nayo kliniki, muuguzi akailinganisha na ya kwao na kutuonyesha namna: kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, pima mara mbili. Anapima Jumatatu na Alhamisi, akitoka gatini, kabla hajafungua mauzo. Majibu huyaandika kwenye daftari la biashara kwa kuwa ndilo pekee asilolipoteza. Mara ya mwisho nilipolifungua, katikati ya ndoo nne za dagaa alizomkopesha mteja wa Shinyanga na deni la gunia moja la chumvi, palikuwa na mstari umeandikwa kwa kalamu nyekundu: 138 kwa 84. Chini yake, kwa mwandiko uleule, mapigo 66, na mbele ya mapigo ameweka alama ya vema.